Kadi Zilizoishia Alhamisi

Uvumi ule ulimfikia Joleen Vandersloot mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na kila mara ulikuwa umenenepa.

Kituo cha mafuta walisema Bi Verna Haugstad amekosea mapishi. Duka la mbegu walisema Bi Verna amechanganyikiwa, hajui tena Jumatatu wala Jumanne. Alipofika ofisini, karani akamwinamia na kumnong'oneza kwamba yule kikongwe wa miaka themanini na moja amemuua Curtis Brandvold kwa maharage.

"Curtis hajafa," Joleen alisema.

"Najua. Lakini ndivyo wanavyosema."

"Nani wanasema?"

"Si watu."

Joleen alikuwa bibi afya wa kaunti kwa miaka kumi na sita. Alishakagua visima, jiko la shule, na vibanda vyote vya soseji kwenye maonyesho ya kilimo. Uvumi mwingi alikuwa akiutupa kwenye ndoo pamoja na kikombe cha karatasi cha kahawa. Huu haukutupika. Ulimganda shingoni kama nywele baada ya kunyolewa.

Aliketi, akaandika anayoyajua kwa hakika. Yalikuwa machache.

Curtis, dereva wa basi la shule, alikula maharage mabichi ya chupa Jumatatu jioni. Jumatano asubuhi, akiwa na watoto ishirini na watatu nyuma yake, aliona barabara mbili mbele yake, na hakujua ipi ni ya kweli. Akaegesha basi pembeni, akawasha taa za dharura, akapiga simu huku ulimi umekuwa mzito. Hadi jioni kope zilikuwa zimelegea na kifua kimechoka kupumua chenyewe. Sasa alikuwa hospitali ya mjini, na mashine inampumulia. Maabara ilikuwa imethibitisha: botulini, sumu inayozaliwa ndani ya chupa iliyofungwa vibaya. Haina harufu. Haina rangi.

Chupa ile ilijazwa na mkewe, Marlys. Mwenyewe hakuyala kwa sababu hapendi maharage. Aliifunga kwa kufuata kitabu kipya cha mapishi cha kanisa la Bethania, ukurasa wa thelathini na moja. Chini ya ukurasa kulikuwa na jina: Verna Haugstad.

Na jambo la mwisho ndilo lililomfanya Joleen achukue ufunguo wa gari kabla kahawa haijapoa. Leo ilikuwa Ijumaa. Jumapili baada ya ibada kulikuwa na chakula cha mavuno katika ukumbi wa chini wa kanisa, kila nyumba ije na trei yake. Kitabu kile kilikuwa karibu katika kila jiko.

*

Mlango wa nyuma wa Bi Verna haukuwa na funguo, haujawahi kuwa nazo. Alikuwa mezani anakata vipande vya keki ya rubabu, mmea mchachu wa bustanini.

"Umekuja na pingu?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekuja na geji ya kupimia presha."

"Afadhali. Pingu zisingeingia, mikono imevimba kwa baridi yabisi. Kaa. Kula kimoja, hakijaua mtu bado."

Joleen alikaa, akala. Kisha akaomba sufuria la presha. Lilikuwa kabatini chini, zito kama mtoto wa darasa la pili, na saa ya presha juu ya kifuniko. Alifikiri huenda kosa liko hapo, saa inasema pauni kumi na moja kumbe ndani ni sita. Akafunga geji yake ya ofisi, akapasha, akasubiri. Mishale miwili ilipanda pamoja, ikasimama pamoja kwenye kumi na moja.

"Umeridhika?" Bi Verna aliuliza.

"Na sufuria, ndiyo."

"Sasa unataka kupima kichwa changu."

Joleen hakukataa. "Nielezee maharage mabichi, chupa kubwa, mwanzo hadi mwisho. Usiangalie popote."

Bi Verna alifuta kisu. "Osha. Kata ncha. Vipande vya inchi moja. Jaza, chumvi kijiko, maji moto, acha inchi moja juu. Futa mdomo wa chupa. Kwenye sufuria la presha, acha mvuke utoke dakika kumi kwanza, ndipo ufunge kizibo. Ikifika kumi na moja, hesabu dakika ishirini na tano. Zima. Usiiguse mpaka ishuke yenyewe. Ukiilazimisha, mpumbavu ni wewe."

Hakuna kilichopungua. Joleen mwenyewe angelazimika kuangalia jedwali.

"Na maji ya kuchemka tu? Bila presha?"

"Kwa nyanya sawa, ukitia ndimu. Kwa pichi sawa. Kwa maharage?" Bi Verna alimtazama sasa. "Mwanangu, maji yachemke mchana kutwa, hayafiki joto la kuua kile kijidudu. Tulikuwa tunalijua hilo kabla hujaota meno."

"Kitabu kinasema maji ya kuchemka, dakika arobaini. Kwa jina lako."

"Nimeambiwa. Nikamwambia binti yangu kwa simu, mimi sikusema hivyo. Unajua alinijibu nini? 'Mama, umesahau tu, si kosa lako.' Anakuja kesho na karatasi za nyumba ya wazee. Anasema hanitaki tena karibu na jiko."

Alisema hivyo kama anayesoma hali ya hewa, lakini kisu kilikuwa kimesimama.

Joleen alifungua kitabu. Karatasi nzuri, michoro mizuri, kila mapishi na kisa kifupi juu yake. Akasoma kwa sauti: "'Bado naisikia harufu ya kuni jikoni kwa bibi yangu, akinionyesha kwa mikono yake yenye subira jinsi ya kuhifadhi maharage ya kiangazi.'"

Bi Verna alicheka mpaka akakohoa, akashika meza.

"Bibi gani? Nililelewa na baba na kaka wanne wanaonuka nguruwe. Bibi zangu wote wawili walizikwa kabla sijazaliwa. Mikono yenye subira! Kwetu aliyekuwa na subira alikosa chakula."

Joleen aliandika neno moja kwenye daftari: *Bibi*. Akalipigia mstari. Mtu anaweza kusahau dakika. Hawezi kusahau kwamba hakuwa na bibi.

*

Marlys Brandvold alikuwa nyumbani akimkusanyia mumewe soksi. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumkaribisha mgeni kiti.

"Kama umekuja kumtetea Verna, mlango ni ule ule ulioingilia."

"Nimekuja kuona kitabu chako."

Marlys alikisukuma juu ya meza. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na doa la maji. "Neno kwa neno, Joleen. Chupa mpya. Vifuniko vipya. Niliweka saa ya jikoni dakika arobaini, nikaongeza tano za woga. Mimi si mtu wa kuhifadhi vitu, sikufundishwa. Niliamini kwa sababu ni Verna! Angekuwa mwingine ningeuliza."

"Mlifunga chupa ngapi?"

"Saba. Sita zipo pale chini."

"Usizifungue. Usizimwage. Usiziguse."

Joleen hakuondoka. Aliendelea kufunua. Mahindi, ukurasa wa thelathini na tatu, kwa jina la mama mmoja aliyehamia Arizona. Viazi sukari vyekundu, yaani bitiruti, ukurasa wa thelathini na sita, kwa jina la mama aliyefariki. Njegere, ukurasa wa arobaini, jina jingine. Alizisoma kurasa hizo mara mbili, kidole kikifuata mstari wa mwisho.

"Marlys, sikiliza. 'Zamisha chupa katika maji yanayochemka kwa dakika arobaini, kisha ziache zipoe na ufurahie ladha ya kiangazi mwaka mzima.' Huyo ni Verna. Sasa huyu wa mahindi." Akasoma. Yalikuwa maneno yale yale. "Huyu wa njegere." Yale yale.

"Kwa hiyo?"

"Wanawake wanne, nyumba nne, mmoja yuko kaburini. Ulishawahi kuwasikia wanne wa hapa wakikubaliana hata juu ya chumvi?"

Marlys aliacha soksi. "Basi nani kaandika?"

"Hilo ndilo naenda kuuliza."

*

Tamra Oyen, katibu wa kanisa, alikuwa na watoto watatu, kazi mbili, na meza iliyojaa. Alihamia mji ule miaka sita iliyopita. Alipoona kitabu mkononi mwa Joleen alisimama.

"Nimemwombea Curtis tangu juzi," alisema. "Na Bi Verna pia, masikini. Sikujua kwamba amefika huko. Alinipa hivyo hivyo, mimi nikachapa."

"Alikupa kwa mdomo?"

"Kwa kadi. Yote yametoka kwenye kadi. Kuna sanduku."

"Nilione."

Tamra alichelewa kidogo kuliko inavyochukua kufungua kabati. Sanduku lilikuwa la bati, kadi zimekaa kwa herufi, kingo zimelainika kwa siagi na miaka. Joleen alitoa ya Verna. Mwandiko mkali, wino wa bluu:

*Osha. Ncha. Inchi moja. Chumvi kijiko. Maji moto. Futa mdomo. Chini Alhamisi.*

Basi. Aligeuza nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Dakika arobaini ziko wapi, Tamra?"

Tamra aliitazama kadi, si Joleen.

"Na yule bibi mwenye mikono ya subira?"

Tamra alikaa chini taratibu. "Zilikuwa kadi mia na kumi na mbili," alisema. "Kamati ilinipa wiki mbili. Mwandiko wenyewe umeuona. Dada yangu akaniambia, wee, unajitesa nini, kuna akili bandia ya bure, unaipiga picha kadi, inakuandikia. Nikajaribu moja ya keki. Ikatoka safi! Nikaona, ah, kumbe. Nikapiga zote. Nikaiambia isahihishe, ijaze palipopungua, na kila moja iwekee kisa kifupi cha kugusa moyo. Na michoro. Na jalada. Nilianza baada ya chakula cha mchana, nikamaliza kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Bure kabisa. Kila mtu alisema ni kitabu kizuri kuliko vyote vya kanisa hili."

"Ni kizuri," Joleen alisema. "Uliyasoma mapishi yote?"

"Keki nilizisoma. Mimi ni mtu wa keki."

"Na haya ya chupa?"

"Sihifadhi vitu. Ningejuaje kosa?"

Joleen alifunua hadi ukurasa wa thelathini na moja. Kisha akauliza lile alilokuja nalo. "Yenyewe haikusema kitu? Hata onyo?"

Tamra alijifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. "Kulikuwa na mstari. Chini ya kila pishi la chupa. Kwamba uhakikishe muda na njia kwa mtaalamu kabla ya kutumia. Lakini ulikuwa unasukuma mchoro kwenda ukurasa wa pili, yaani ua linakatika katikati. Nikaufuta."

"Yote minne?"

"Yote minne."

Joleen hakumgombeza. Alitoa kadi ya mahindi. *Chini Alhamisi.* Ya njegere. *Alhamisi, chini.* Ya viazi sukari: *Peleka chini Alh.* Akazipanga mezani moja moja.

"Hizi zinamaanisha nini?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikadhani labda ni siku ya kupika. Mashine nayo haikuelewa, ikaliondoa."

Joleen alipiga simu, akaiweka sauti ya juu katikati ya meza. Ililia mara nane. Bi Verna hakuwa mtu wa kukimbilia simu.

"Nani?"

"Joleen. Niko kanisani na kadi zako. Chini Alhamisi ni nini?"

"Ni Alhamisi, chini," Bi Verna alijibu, kama anayeulizwa jina la mji. "Chini ya kanisa! Agosti nzima, kila Alhamisi, tulishusha chupa zetu zikiwa zimejazwa. Kulikuwa na masufuria mawili makubwa ya presha, na Agnes Rude amekaa pale na miwani yake anaangalia saa. Hakuruhusu mtu aguse. Ukiongea naye wakati wa kuhesabu, anakufukuza. Sasa nani angeandika dakika? Dakika zilikuwa za Agnes. Alipofariki, miaka kumi sasa, masufuria tukagawana. Mimi nikachukua moja. Kadi tukaziacha kama zilivyo."

Tamra alikuwa ameweka kiganja juu ya kadi ya Verna. "Bi Verna," alisema, "ni mimi, Tamra. Si wewe uliyekosea. Ni mimi."

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Kwa nini hukunipigia, binti? Nyumba yangu unaiona kutoka dirisha hilo."

"Nilikuwa na haraka."

"Haya. Sasa hivi acha kulia. Nani mwingine kafunga chupa kwa kitabu hicho? Hilo ndilo la kuuliza."

Ndipo Tamra alipobadilika rangi, na Joleen akaona.

"Nini?"

"Kitabu kilipotoka nilifunga chupa nne za mahindi. Nilitaka nijaribu. Moja nimeifungua jana. Ipo kwenye trei ya Jumapili, kwenye friji, na viazi na nyama."

"Nani ameonja?"

"Watoto hawajagusa, naapa. Mimi. Ncha ya kijiko tu, nione chumvi."

"Chukua koti," Joleen alisema. "Unakwenda hospitali sasa hivi. Usiendeshe mwenyewe. Nani ana ufunguo wa nyumba yako?"

"Bi Verna anauona mlango wangu," Tamra alisema kwa sauti ndogo. "Ufunguo uko chini ya chungu cha maua."

"Naenda," simu ikasema. "Nitakaa mbele ya friji hiyo mpaka Joleen afike. Asiyeniamini na jiko, aniamini na kiti."

*

Kufikia Jumamosi saa sita mchana, Joleen alikuwa amepiga simu hamsini na nane, akafika mwenyewe kwenye nyumba ambazo hazikupokea. Kitabu kilikuwa kimeondolewa kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni. Uwanja wa magari wa Bethania ulijaa masanduku. Nyumba kumi na moja. Chupa thelathini na nane, zote zimefungwa, nzuri machoni, kijani na njano na nyekundu, zinang'aa juani. Mama mmoja aliuliza kama hawezi kuonja kidogo tu kuhakikisha. Watu watatu walimkaripia kwa pamoja.

Bi Verna alisimama na fimbo na daftari, akiandika kila sanduku. Binti yake alikuwa amefika, na alikuwa anabeba masanduku kwenda kwenye gari la Joleen. Karatasi za nyumba ya wazee zilibaki kwenye kiti cha mbele, hazikuguswa.

"Mama," alisema akipita, "dakika ngapi za njegere?"

"Unanipima?"

"Nataka kujua."

"Arobaini, chupa zote, ndogo na kubwa. Kwa presha. Sasa umejua, utamwambia nani?"

Marlys alikuja mwisho, na chupa zake sita. Aliziweka mbele ya Bi Verna akashindwa kupata pa kuanzia.

"Leo asubuhi Curtis amenibana kidole," alisema hatimaye. "Mashine bado. Lakini kidole amebana."

Bi Verna aliandika: *Brandvold, sita.* Kisha akamshika mkono.

Tamra alikuwa bado hospitalini, anaangaliwa kope na pumzi kila saa. Alituma ujumbe mmoja: bandikeni jina langu, watu wajue ni nani aliyefuta ule mstari. Joleen hakubandika jina. Alibandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi wa chini, ambapo kila mtu angepita Jumapili na trei yake. Maneno ni yake, isipokuwa la mwisho. Hilo Bi Verna aliliongeza kwa wino wa bluu.

YA KUEPUKA

Usilete Jumapili hii chakula chochote cha chupa kilichofungwa nyumbani.

Usifungue wala kumwaga chupa iliyofungwa kwa kitabu kipya. Nipigie, nitaichukua.

Usionje ili kujua kama ina sumu. Sumu hii haina ladha.

Usihifadhi maharage, mahindi, njegere wala viazi sukari vyekundu kwa maji ya kuchemka peke yake, hata dakika mia.

Usiiambie mashine ijaze palipopungua kwenye kitu kitakacholiwa, kitakachonywewa au atakachopewa mtoto.

Usifute onyo kwa sababu linaharibu ukurasa.

Usiweke jina la mtu chini ya maneno ambayo hakuyasema.

Usimngoje mgonjwa anayeona vitu viwili viwili apate nafuu mwenyewe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Usidhani aliyeandika kadi ameshakufa. Mimi nipo. Mlango wa nyuma uko wazi.